Kosa ubaoni

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Nilikuwa nimeanza makala kuhusu hifadhidata, na nusu yake iko tayari, lakini kuna jambo lilitokea kazini likanifunga mikono. Kila nikikaa mbele ya tarakilishi niandike, linanirudia. Nimeona heri nilitoe kwanza. Makala ya leo ni ndefu kidogo na haina msimbo mwingi, kwa hivyo jimiminie chai.

Jambo lenyewe ni hili: nilimfanya mtu achekwe kwa kuuliza swali. Swali lilikuwa la maana, na lau lingesikizwa lingetuokoa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sina hata kisingizio cha kutojua. Nilifundishwa na mwalimu aliyejitahidi kutuonyesha kwamba aliyechekwa haulizi tena, na asiyeuliza huacha kufikiri. Basi nianze naye.

Mwaka 2006 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Kenya. Tulikuwa wanafunzi 140 hivi, na maabara ilikuwa na tarakilishi 30, nne au tano kati ya hizo zikiwa zimekufa kitambo. Ukitaka mtandao ulienda saiba mjini na kulipa shilingi moja kwa dakika, ukasubiri ukurasa ufunguke polepole, kwani nyaya za chini ya bahari zilikuwa hazijafika Mombasa. Hizo zilikuja mwaka 2009. Masomo yenyewe yalikuwa ya kunakili. Mhadhiri anasoma karatasi zake zilizogeuka manjano, sisi tunaandika, mtihani ukija tunamrudishia maneno yake. Aliyefaulu sana ni yule aliyerudisha bila kudondosha neno njiani.

Huyu tulimwita Madam, kama wanavyoitwa wahadhiri wengi wa kike. Siku ya kwanza aliandika ubaoni programu fupi ya Java, mistari kama kumi na miwili, akapangusa chaki mikononi, akasema: "Programu hii sikuitunga. Nimeitoa mahali panapoheshimika sana. Ina kosa, na sitawaambia liko wapi."

Kisha akatoa sharti. Darasani kwake, mtu akiona jambo halikai sawa, atasema "nina shaka". Halazimiki kuwa na jibu, wala kujua jina la kitu anachokitilia shaka. Na yeyote atakayemcheka atakuja mbele amtetee yule aliyemcheka, mpaka darasa zima lielewe shaka yake.

Programu ile ilikuwa ya kutafuta kitu kwa kugawanya orodha nusu kwa nusu. Kwa wasomaji wasio waandishi wa programu, nieleze kidogo. Chukua rejista ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Badala ya kuanza jina la kwanza, unafungua katikati. Kama jina unalolitafuta liko mbele zaidi, unaitupa nusu ya nyuma yote, unafungua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Kwa majina 1,000 utafungua mara 10 tu hivi. Kwa majina 1,000,000, mara 20. Ili kupata katikati, programu inachukua namba ya mwanzo na namba ya mwisho, inazijumlisha, inagawanya kwa mbili. Hesabu ya darasa la tatu.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeliona kosa. Wengi tulikuwa na hakika kwamba ni mtego, kwamba kosa lenyewe halipo. Wengine walisema alama ya nukta-mkato imekosekana, ikawa ipo. Madam hakumkemea yeyote. Kila aliyesema kitu alimwuliza swali lilelile: "Umejuaje?" Mara ya kwanza swali hilo lilitutisha, tukadhani anamaanisha tumekosea. Baadaye tukagundua anawauliza hivyo hata waliopatia.

Wiki ya pili, kijana mmoja mkimya aliyekaa karibu na mlango aliinua mkono. "Nina shaka," akasema kwa sauti ya chini. "Orodha ikiwa kubwa sana je? Kubwa kabisa, kama ya majina bilioni moja na zaidi?"

Nikaangua kicheko. Tena sikuishia hapo, nilipaza sauti: "Bilioni ya nani? Kenya nzima hatufiki milioni arobaini!" Darasa likalipuka.

Madam akanikabidhi chaki.

Nilisimama pale mbele kama robo saa nikijaribu kutetea shaka ya mtu niliyemcheka. Alinisaidia kwa maswali. Namba nzima ya kawaida katika Java inaweza kufika ngapi? Nikakumbuka: 2,147,483,647. Haya, mwanzo uwe 1,400,000,000, na mwisho uwe 1,600,000,000. Jumla? Bilioni tatu. Inatosha mle? Haitoshi. Na isipotosha, Java inakwambia? Haikwambii. Ni kama mita ya matatu kuukuu ikifika mwisho wa tarakimu zake na kuanza upya, ila hapa hairudi kwenye sufuri, inaangukia upande wa hasi. Jumla ile inakuwa −1,294,967,296. Ukigawanya kwa mbili unapata mahali pasipokuwepo katika orodha, na programu inaanguka.

Nilipomaliza, nilijua kosa liko wapi. Nilikuwa nimelipata kwa kulazimishwa kulichukua kwa uzito swali la mtu mwingine. Madam akamgeukia yule kijana, akamwuliza: "Amekutetea vizuri?" Akasema ndiyo. "Basi kaeni, nyote wawili."

Hapo ndipo alipotutolea karatasi alizokuwa amechapisha kutoka mtandaoni na kutusimulia kisa. Joshua Bloch, mmoja wa walioandika maktaba za Java, alikuwa ametangaza mwezi Juni mwaka huohuo wa 2006 kwamba programu hiyo, aliyoiandika yeye mwenyewe na ambayo ilikuwa ndani ya Java kwa takriban miaka tisa, ina kosa hilo. Alikuwa ameifuata namna iliyomo katika kitabu cha Jon Bentley, Programming Pearls, cha mwaka 1986. Na kilichotuacha vinywa wazi ni hiki: Bloch aliwahi kukaa katika mhadhara wa Bentley huyohuyo, chuo kikuu cha Carnegie Mellon. Bentley aliwaambia wanafunzi wapya wa udaktari waandike programu hii, halafu akaichambua moja mbele ya wote. Ilikuwa na kosa, na nyingi za wenzake vilevile. Mwalimu aliyewaonyesha wengine makosa yao alikuwa na lake ambalo hakuliona, na mwanafunzi wake alilibeba kwa uaminifu mpaka ndani ya mashine za dunia nzima.

"Sasa niambieni," akasema Madam, "kama Bentley amekosea, na Bloch amekosea, mimi ni nani nisikosee? Na ninyi mnaogopa nini?"

Msomaji, ningekuwa naandika ili kumsifu tu ningeishia hapo. Lakini kuna upande wa pili wa mwalimu huyu, na ndio unaonihusu zaidi.

Muhula huohuo nilikuwa nafanya kazi katika saiba jioni, kuchapisha barua za watu na kuondoa virusi kwenye flashi, ili nipate nauli na sehemu ya karo. Nilifunga saa nne usiku. Zoezi la tatu la Madam likanipita. Usiku wa kuamkia siku ya kulikabidhi nilichukua kazi ya mwenzangu kwenye flashi, nikabadilisha jina juu, nikachapisha. Kumbe hatukuwa wawili. Tulikuwa kumi na wawili, na sote kumi na wawili tulikuwa tumeandika neno "account" kwa herufi moja ya c.

Kanuni za chuo zilikuwa wazi: kamati ya nidhamu, na pengine kusimamishwa masomo. Madam alituita mmoja mmoja ofisini kwake. Nilipofika nilikuwa na hotuba yangu tayari. Hakuitaka. Aliweka karatasi yangu mezani, akaniambia: "Kijana wangu, nieleze mstari wa saba."

Sikuweza. Nikakaa nikiutazama ule mstari kama umeandikwa kwa lugha ya kigeni.

"Jana ulilala saa ngapi?" akauliza. Nikamwambia habari za saiba. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Halafu akasema alama yangu ni sifuri, na sifuri hiyo itabaki. Nilikuwa nimedhani kwamba anayekusikiliza hivyo ataishia kukusamehe. Kumbe kwake huruma haikuwa kunibadilishia alama. Akanipa wiki moja nimletee programu iliyo yangu, hata kama haifanyi kazi, pamoja na maswali matatu juu yake ambayo siwezi kuyajibu. "Maswali yako ndiyo nitakayosahihisha," akasema. Na kwa kuwa kumi kati yetu tulikuwa na kazi za jioni au tuliishi mbali na chuo, alianza kufungua maabara Jumamosi saa moja asubuhi. Alikuwa anakuja mwenyewe na ufunguo, na chai kwenye chupa.

Nilimchukia kwa ile sifuri kwa muda wa mwezi mzima, niseme ukweli. Lakini yale maswali matatu ndiyo kazi ya kwanza ya chuo niliyoifanya bila kumtazama mtu. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Jaribu leo: chukua kitu ulichokiandika mwenyewe na uandike mambo matatu usiyoyajua juu yake. Utajikuta unakisoma kwa mara ya kwanza.

Haikuwa rahisi kwake pia. Kusoma maswali ya wanafunzi 140 kwa mkono si mchezo, na alama zake zilichelewa kila muhula mpaka idara ikamwandikia barua. Wahadhiri wengine walisema anatudekeza. Baadhi yetu tulisema ni mkali mno. Na kati ya wale kumi na wawili, mmoja hakurudi ofisini kwake wala chuoni. Miaka kadhaa baadaye nilipokutana na Madam mjini, huyo ndiye wa kwanza aliyeniuliza habari zake. Sikuwa nazo.

Siku hiyo ndipo aliponiambia alikoanzia. Alikuwa amemsoma Paulo Freire, mwalimu wa Brazil ambaye mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha vibarua wapatao 300 kusoma na kuandika kwa takriban saa 40. Walianza na maneno ya maisha yao wenyewe, maneno ya kazi na ya nyumbani, wakayajadili kabla ya kuyaandika. Wanajeshi walipopindua serikali mwaka 1964, Freire alifungwa, kisha akaishi uhamishoni. Huko Chile ndiko alikoandika kitabu chake maarufu kuhusu elimu ya wanaoonewa. Humo anaifananisha elimu ya kunakili na kuweka pesa benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza, hakuna anayeuliza pesa ni za nani. Nilipolisikia hilo nilizikumbuka zile karatasi za manjano.

Sasa turudi kazini kwangu.

Mimi huongoza kikundi kidogo cha waandishi wa programu. Tunatengeneza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Wanachama hulipa mikopo kwa simu, na kila malipo yakifanyika, mtandao wa malipo unatuma ujumbe kwa seva yetu: fulani amelipa kiasi hiki, namba ya risiti ni hii. Seva yetu inapaswa kujibu kwamba imepokea.

Tulikuwa na msichana aliyekuja kwetu kwa atachimenti, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Katika mkutano wa Jumatatu, nikieleza jinsi mfumo unavyopokea malipo, aliinua mkono. "Samahani, bosi. Ujumbe ukija mara mbili, tutajuaje kwamba ni malipo yaleyale?"

Nilikuwa na haraka. Mteja alikuwa akinipigia simu tangu asubuhi. Nikamjibu: "Hiyo ni kazi ya mtandao wa malipo, si yetu. Maswali ya darasani tuyaache darasani." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Tukaendelea na ajenda.

Wiki tatu baadaye, mwisho wa mwezi, seva ililemewa. Ikawa inapokea ujumbe lakini inachelewa kujibu, na mtandao wa malipo, usiposikia jibu, ulituma tena ujumbe uleule, kama unavyopaswa kufanya. Sisi tuliuhesabu mara mbili. Wanachama 63 walionekana wamelipa maradufu. Baadhi mikopo yao ikafungwa kabla ya wakati. Mama mmoja anayeuza mboga Githurai aliona akaunti yake ina ziada ya shilingi 8,000, akaitoa, akamlipia mwanawe karo. Ilibidi apigiwe simu aambiwe kwamba pesa zile si zake. Alimwuliza mhudumu wa chama, "Sasa mimi nimekosa nini?" Hakuwa amekosa kitu.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja kwenye hifadhidata: namba ya risiti isijirudie. Mstari mmoja tu.

Lakini si hilo lililoninyamazisha. Wanafunzi wa atachimenti huja na daftari la kumbukumbu za kazi. Kila wiki wanaandika walichofanya na walichojifunza, na msimamizi hutia sahihi. Ijumaa ile, baada ya usiku mbili za kurekebisha hesabu za watu, nilikuta daftari lake mezani likiningoja. Nilikuwa sijalitia sahihi tangu wiki ya ule mkutano. Nikafungua. Chini ya siku ya Jumatatu ile alikuwa ameandika: "Niliuliza kuhusu ujumbe unaorudiwa." Na pale pa kuandika alichojifunza wiki hiyo: "Kutouliza maswali kwenye mkutano."

Na hapo chini, nafasi ya sahihi yangu.

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Nilimwona yule kijana wa karibu na mlango, na chaki ikiwa mkononi mwangu. Miaka karibu ishirini imepita, na bado mimi ndiye ninayecheka. Niligundua pia kwamba siku zote nilikuwa nimeyatenganisha mambo mawili ya Madam. Nilidhani ukarimu wake ulikuwa kitu kimoja, tabia njema tu, na ule ukali wake wa "umejuaje?" kitu kingine, ambacho ndicho elimu yenyewe. Kumbe bila cha kwanza, cha pili hakiwezekani. Yule msichana alikuwa na kila kitu cha kufikiria: macho, elimu, na swali sahihi. Nilichomnyima ni mahali salama pa kuliweka. Na aliyekosa mahali hapo hakuwa yeye peke yake. Ni yule mama wa Githurai pia.

Hapa kwetu tangu mwaka 2017 mtaala mpya umeorodhesha kuwaza kwa kina na kutatua matatizo kati ya stadi saba za msingi ambazo kila mtoto anapaswa kupata. Ni jambo jema. Lakini mtoto hujifunza kuwaza kwa kuangalia kinachompata yule wa kwanza aliyeinua mkono.

Jumatatu iliyofuata niliomba radhi. Sikumwita pembeni, maana sikumcheka pembeni. Nilisema mbele ya walewale: swali lake lilikuwa sahihi, nililipuuza, na hasara iliyotokea ni yangu. Halafu nikasimama ubaoni nikalitetea swali lake kuanzia mwanzo, jinsi ujumbe unavyoweza kurudiwa na kwa nini. Nilipomaliza nilimwuliza kama nimemtetea vizuri. Akafikiri kidogo, akasema: "Umesahau hali ambapo malipo mawili ya kweli yanakuja kwa kiasi kilekile dakika moja." Kweli, nilikuwa nimesahau. Hakuna aliyecheka.

Daftari nilimrudishia bila sahihi. Nilimwomba asifute alichoandika, kwa kuwa ndicho nilichomfundisha wiki ile, ila aongeze mstari chini yake siku atakapokuwa amejifunza kitu kingine. Ilimchukua wiki mbili. Alichoandika ni chake, sitakiweka hapa. Nimetia sahihi.

Nilimpigia Madam simu pia. Amestaafu. Nilimsimulia yote, nikitarajia kwa siri kwamba atanipa moyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule mama wa mboga, karo mlimalizana vipi?" Nikamwambia chama kilikubali azilipe kidogo kidogo.

"Umejuaje?" akasema.

Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeambiwa tu. Nikakata simu, nikapiga kule chamani kuuliza. Ni kweli, wamekubaliana.

Makala ya hifadhidata inafuata juma lijalo. Itaanza na ule mstari mmoja.